Yaya Yangu Hakuwemo Chumbani

Hapa Dzaleka Kiswahili si kimoja. Ukizunguka sokoni asubuhi utasikia cha Uvira na Fizi, cha Bukavu, cha Goma, cha Lubumbashi, cha Warundi waliokaa miaka mingi kambi za Kigoma, na cha Wamalawi wafanyabiashara ambao wamejifunza kwetu na wanakichanganya na Kichewa chao. Mama anayeuza ndagala akisema "fasi ya kuikala hakuna," mteja anasogea, na biashara inaendelea. Tumezoeana. Hakuna anayehitaji mkalimani ili anunue samaki.

Lakini kuna siku neno la nyumbani linaingia katika chumba chenye meza, kompyuta na afisa aliyetoka mbali, na hapo lazima lipite mdomo wa mtu mwingine kabla halijafika kwenye karatasi. Mimi nimepita katika chumba hicho Lilongwe, mwezi wa tisa mwaka 2024, na familia yangu yote. Ninaandika kwa ajili ya wale ambao siku yao bado, na pia kwa wafanyakazi wa mashirika wanaolisoma jarida hili, kwa sababu niliyoyaona mle ndani sijasikia mtu akiyaeleza kwenye mikutano ya matangazo. Watu wanauliza, "Waliuliza maswali gani?" Mimi nataka kusema habari za maneno matatu: bibi, yaya na mtoto.

Kwanza niseme kwa nini mahojiano yana uzito huu hapa. Kambi yetu ilifunguliwa 1994, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa Kamuzu Banda. Ilipangwa kwa watu kama 10,000 hadi 12,000. Leo tumepita 50,000. Malawi iliukubali mkataba wa wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini iliweka pembeni vifungu kadhaa, vikiwemo vya kufanya kazi na vya kuishi mahali unapotaka. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa hapa miaka ishirini, akazaa, akajenga nyumba ya tofali na kuzika wazazi, na bado yuko kwa muda. Mwaka 2023 wenzetu waliokuwa na maduka Lilongwe na miji mingine walirudishwa kambini, wengine na watoto waliokuwa katikati ya muhula wa shule. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na majirani zangu ambao walikuwa wameshauza magodoro wakabaki na mabegi. Kanada nayo, Novemba 2024, ilisimamisha kupokea maombi mapya ya vikundi vya watu watano. Milango imekuwa michache. Mtu akiitwa kwenye mahojiano, hata jirani wa mbali anakuja kumwombea.

Faili letu ni la Kanada. Kuna kanisa moja huko lililojitolea kutupokea na kututunza mwaka wa kwanza. Njia hii Kanada inaitumia tangu 1979, na mkimbizi akikubaliwa anapata ukaazi wa kudumu anapofika. Sisi ni watu saba: mimi, mke wangu, watoto wanne tuliowazaa hapa Malawi, na kijana wetu mkubwa aliyezaliwa Fizi mwaka 2010.

Huyo kijana ni mtoto wa yaya yangu.

Msomaji wa Kenya au Tanzania ameshakosea hapo, na si kosa lake. Kwetu Kongo, yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, awe mwanamume au mwanamke. Ni neno la heshima. Huwezi kumwita mkubwa wako kwa jina tupu, unamwita yaya. Yaya yangu mimi alikuwa mwanamume, mvuvi, mwenye sauti kubwa. Waliokuja kijijini mwaka 2011 walimuua. Mke wake tulipotezana naye pale Baraka, siku ya kutafuta mashua. Watu walikuwa wengi na mashua mbili, yeye alisukumwa upande mmoja, na mtoto alikuwa mgongoni mwa mke wangu upande mwingine. Sisi tukavuka ziwa mpaka Kigoma. Yeye hatujui alifika wapi. Tumeandikisha jina lake Msalaba Mwekundu, wale wanaotafuta watu waliopotezana na familia zao. Mpaka leo hakuna habari.

Tulishuka Tanzania mpaka Mbeya, tukapita mpaka wa Songwe, tukalala Karonga, tukafika hapa 2012. Kwenye kuandikishwa, aliyekuwa anatafsiri alikuwa Mkongomani mwenzetu. Nilimwambia, "Huyu mutoto ni ya yaya yangu, balimuua." Aliandika vizuri: mtoto wa kaka. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye karatasi zetu tangu siku ya kwanza.

Nyumbani ilikuwa tofauti. Nyumbani alikuwa mtoto. Kwetu, mdogo wa baba yako ni baba mdogo, na mkubwa wake ni baba mkubwa. Baba wote. Mjomba ni wa upande wa mama, huyo ni mtu mwingine kabisa. Kijana alianza kusema "baba" akiniangalia mimi, na hakuna aliyemkataza, kwa sababu hakusema uongo.

Fomu haina nafasi hiyo. Kwa Kanada, mtoto tegemezi ni yule uliyemzaa au uliyemwasili kwa sheria, ambaye hajafika miaka 22 na hajaoa wala kuolewa. Kipimo hicho cha 22 ni cha tangu Oktoba 2017, kabla ya hapo kilikuwa 19. Mtoto wa ndugu yako uliyemlea bila karatasi ya mahakama hayumo. Anaweza kupita mlango mwingine, wa yule wanayemwita mtegemezi wa hali halisi, yaani mtu ambaye kwa maisha ya kila siku anaitegemea familia hiyo ingawa sheria haimhesabu ndani yake. Lakini huyo lazima aonekane kuwa mkimbizi kwa nafsi yake, na lazima utegemezi wake uonekane kweli. Akiwa mtoto, watauliza pia wazazi wake wako wapi, na nani ana haki ya kumruhusu asafiri.

Habari hii ilipoenea mtaani, washauri walikuja. Wapo wa kila aina Dzaleka, na wengi wana nia njema. Mmoja aliniambia, "Andika tu ni wako wa kuzaa. Sura inafanana." Mwingine akasema, "Mwacheni kwa shangazi Katubza, mukifika mutamwita." Niliwasikiliza wote kwa heshima. Lakini karatasi za 2012 zilishasema, na kubadilisha neno moja ingekuwa kuwapa sababu ya kutilia shaka mengine yote. Na kumwacha ili "tumwite baadaye" ni hatari ambayo watu hawaijui. Kwa sheria ya Kanada, hata mke wako au mtoto wako wa kuzaa usiyemtaja kabla ya kuondoka anaweza kufungiwa njia ya kukufuata. Sembuse mtoto wa ndugu.

Basi tulijaza ukweli, nafasi kwa nafasi. Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko fomu. Tulikuwa tumeambiwa kwamba afisa anaweza kuongea na watoto wakubwa peke yao. Ataulizwa, "Baba yako anaitwa nani?" Sisi hatukuwahi kukaa naye chini na kumwambia.

Mke wangu alichagua jioni ya Jumapili, wadogo wakiwa nje. Alipika sombe, kwa sababu anasema habari nzito haisemwi juu ya tumbo tupu. Nikaanza kuzunguka: vita, ziwa, mashua. Kijana aliniacha niende mbali kidogo, kisha akasema polepole, "Baba, minajua."

Tukamwuliza anajua nini. Akasema mama mmoja wa Likuni alimwambia zamani, alipokuwa bado darasa la pili, kwamba baba yake alibaki Fizi. Tangu darasa la pili! Miaka saba alikuwa nayo hiyo habari, analala nayo chumba kimoja na wadogo zake, na hakuuliza. Mke wangu alimwuliza kwa nini alinyamaza. Akasema, "Niliona nyinyi hamutaki kulia."

Nilitoka nje nikasimama karibu na bomba la maji. Niliporudi alikuwa anakula. Aliniuliza swali moja tu, na lilikuwa swali la kazi: "Kule wakiniuliza baba ni nani, niseme nani?"

Nikamjibu, "Useme wawili. Aliyekuzaa, jina lake hili. Anayekulea, jina lake hili. Hukuchagua mmoja, na wao hawawezi kukuchagulia." Sikujua kama afisa angekubali hesabu ya namna hiyo. Lakini ilikuwa ndiyo kweli yote tuliyokuwa nayo.

Siku ya mahojiano tulikuwa barabarani kabla ya jua. Kibali cha kutoka kambini nilikuwa nimekichukua mapema, majina saba, nikakikunja ndani ya Biblia. Kutoka Dzaleka mpaka Lilongwe ni kilomita kama 45. Minibasi ilijaa, konda akituita "achimwene" na kutusogeza mpaka magoti yakagusana. Tulipita Lumbadzi, tukapita Kanengo na maghala ya tumbaku. Wadogo walikuwa wanasoma vibao. Lilongwe mitaa yake mingi ina namba badala ya majina, Area 25, Area 18, Area 3, na namba hazifuatani: unatoka katika moja na kuingia katika nyingine ambayo hukuitarajia. Mtoto wa tatu aliuliza nani alihesabu hivi. Mke wangu akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Jengo lilikuwa la kawaida, lenye mlinzi na kitabu cha kuandika majina. Tulisubiri kwenye viti vya plastiki pamoja na familia nyingine mbili. Hakuna aliyeongea. Mwanamume mmoja alikuwa anasogeza midomo bila sauti, nikajua anarudia tarehe.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo. Alitusalimia kila mmoja kwa jina, hata mdogo wa miaka mitatu. Pembeni yake alikaa mkalimani, dada mmoja mpole, Kiswahili chake cha Nairobi, kizuri na cha haraka. Afisa alianza kwa swali ambalo sasa ninawaambia watu kwamba ndilo kubwa kuliko yote: "Mnamwelewa mkalimani vizuri?"

Sote tulijibu ndiyo. Ungejibu nini? Dada wa watu ameketi pale, amekusalimia, amekupa maji. Kusema humwelewi ni kama kumtukana. Na kweli tulikuwa tunamwelewa. Swali ambalo halikuulizwa ni kama yeye alikuwa anatuelewa sisi.

Neno la kwanza lilikuwa bibi. Afisa aliuliza tulioana lini na nani alikuwepo. Nikasema, "Bibi yangu nilimuoa mwaka 2008, kwao, na mahari ilitolewa." Kwetu bibi ni mke. Kiingereza changu ni cha kujifunza hapa Malawi, si kingi, lakini nilisikia mkalimani akimwambia afisa habari za nyanya. Afisa alimwangalia mke wangu, mwenye miaka 35, kitambaa cha kitenge kichwani, halafu akaniangalia mimi. Akauliza, nyanya yako uliyemuoa? Mke wangu alipotafsiriwa alicheka mpaka akafunika mdomo. Mkalimani akacheka, afisa naye. Ikasahihishwa. Chumba kikawa chepesi, na nikafikiri, Mungu ametufungulia.

Kisha tukafika kwenye mwaka 2011.

Afisa aliuliza nini kilitokea kijijini. Nilieleza kwa utaratibu. Nikasema, "Waliingia usiku. Walimuua yaya yangu mlangoni kwake. Mtoto wake huyu tukamchukua." Mkalimani akatafsiri, sauti yake imeshuka kwa huruma. Na katikati ya maneno yake nikasikia neno ambalo hata asiyejua Kiingereza analijua: hausigeli.

Afisa aliacha kuandika. Hakusema kitu. Alirudi nyuma kwenye faili, akafunua karatasi moja, ya pili. Nilijua anatafuta nini. Karatasi zinasema mtoto wa kaka. Mdomo wangu, kwa jinsi alivyousikia, umesema mtoto wa mfanyakazi wa nyumbani.

Mnisikilize vizuri hapa, ninyi ambao siku yenu inakuja. Lile neno bibi lilisahihishwa kwa sababu bibi yangu alikuwa ameketi mbele yao. Macho yalifanya kazi ya mkalimani. Yaya yangu hakuwemo chumbani. Hakuna aliyeweza kumwangalia akaona kwamba ni mwanamume, kwamba ana pua kama yangu, kwamba hakuwahi kufagia nyumba ya mtu. Marehemu hana wa kumtetea isipokuwa neno, na neno lilikuwa limeshageuka njiani.

Niliinua mkono kama mwanafunzi. Nikasema, "Samahani sana dada, na samahani mama afisa. Nimesikia hausigeli. Kwetu Kongo yaya ni kaka mkubwa. Huyu mtoto baba yake ni kaka yangu, tumbo moja, baba mmoja mama mmoja."

Mkalimani alishika kifua. "Kumbe! Pole sana, ndugu yangu. Kwetu yaya ni mlezi wa watoto." Akamweleza afisa kwa urefu, na nilisikia akirudia neno yaya mara mbili tatu. Afisa alimwuliza jambo, kisha akaniuliza mimi upya kwa njia nyingine: "Mama aliyemzaa kaka yako ni nani? Aliyekuzaa wewe ni nani?" Nikataja jina lilelile mara mbili. Akaandika. Baada ya hapo kila mtu niliyemtaja, aliuliza hivyohivyo: nani alimzaa. Neno la kuzaa halina Kiswahili cha Nairobi na Kiswahili cha Fizi. Ni moja.

Tungekuwaje kama nisingekisikia kile kineno? Silali vizuri nikiliwaza. Mke wangu hajui Kiingereza. Jirani zetu wengi hawajui. Wangejibu kila swali kwa ukweli, wangetoka wakishukuru, na faili lingebaki na hadithi mbili zisizokutana.

Nimewahi kusikia watu hapa wakisema maafisa wanatafuta sababu ya kukataa. Mimi siwezi kusema moyo wa mtu. Ila najua historia moja inayowafanya wachunguze sana neno mtoto. Mwaka 2008 Marekani ilipima DNA za wakimbizi waliokuwa wanaomba kuungana na ndugu zao, ikaanzia Nairobi, ikaendelea Ethiopia, Uganda na nchi za Afrika Magharibi. Familia ambazo uhusiano wote walioutaja ulithibitishwa zilikuwa chini ya 20 kwa mia. Wengine walikataa kupimwa au hawakufika. Mpango ule ukasimamishwa, na uliporudi Oktoba 2012 ukaja na sharti la DNA. Walikuwepo wadanganyifu, sikatai. Watu waliuza nafasi katika familia kama wanavyouza kiwanja. Lakini naamini kwenye ile hesabu walikuwemo pia watoto kama wetu, ambao mtu aliulizwa "ni mtoto wako?" akajibu ndiyo kwa moyo safi, na damu ikasema hapana.

Baadaye kijana aliitwa peke yake. Tulikaa nje robo saa hivi. Mke wangu alikuwa anahesabu vigae vya sakafu. Alipotoka hatukumwuliza kitu mpaka tulipofika kituo cha minibasi, ndipo mdogo wake akamwuliza kwa niaba yetu. Akasema, "Waliniuliza baba. Nikataja wa kwanza, nikasema alikufa. Halafu nikasema wa pili yuko pale nje, amevaa shati ya bluu." Na waliuliza nini tena? "Kama ninataka kwenda na nyinyi." Ukasemaje? Akaangalia barabara. "Nikasema mimi ndiye ninayewaamsha hawa kwenda shule."

Tangu siku ile watu wanakuja nyumbani na fomu zao. Sina ofisi na sichukui pesa. Ninachowaambia ni kidogo. Ukiulizwa kama unamwelewa mkalimani, jibu, kisha omba kwa adabu useme umetoka wapi na Kiswahili chako ni cha wapi, ili naye ajue. Ukitaja ndugu, taja tumbo: nani alimzaa. Yaya, bibi, koko, acha kwa siku ile, au yaeleze mara moja mwanzoni. Saa nayo iangalie: ukisema saa mbili usiku, hakikisha haikuandikwa usiku wa manane. Mtoto unayemlea, sema yote mawili, kwamba hukumzaa na kwamba umemlea tangu lini. La pili lisilifiche la kwanza. Na kama hukuelewa, au umeona hukueleweka, sema palepale, kabla hujatoka mlangoni. Nje ya mlango ni kazi ya miezi.

Na mtoto mwambieni mapema, nyumbani. Pengine anajua.

Kwa wafanyakazi wa mashirika, ombi langu ni dogo. Mnapotuuliza "ni mtoto wako?" mnatuuliza maswali mawili kwa mpigo na kusubiri jibu moja. Ulizeni nani alimzaa, kisha nani anamlea. Na mkiwa na mkalimani wa Kenya kwa mtu wa Kivu, mpeni dakika tano wasalimiane na wazungumzie familia zao kabla ya kazi. Katika dakika hizo tano yaya atajulikana.

Jibu letu halijatoka. Imekuja barua moja tu, inayoomba karatasi zaidi juu ya kijana. Wahusika wa ulinzi wa watoto hapa kambini wamefanya tathmini ya maslahi yake, wamekuja nyumbani mara mbili, wameona anapolala. Msalaba Mwekundu tumeomba waandike kwamba mama yake bado anatafutwa. Siku nikiitia sahihi ile karatasi mkono ulikuwa mzito, kwa sababu ninaomba kwa wakati mmoja apatikane na asipatikane kabla hatujaondoka, na hakuna sala ya namna hiyo.

Kuna jambo ambalo mimi na mke wangu hatujalimaliza. Je, jibu likija ndiyo kwa sita na hapana kwa mmoja? Mimi ninafikiri juu ya wanne wadogo, shule, ugonjwa wa mwisho alioupata wa tatu, umri wangu. Nimejaribu kulisema mara moja, usiku, taa imezimwa. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema alimvusha ziwa mgongoni akiwa hajui kuogelea, na kwamba mashua ile hawakumwuliza ni wa nani.

Kisha akageuka akalala. Mimi nilikaa macho, nikisikiliza wanavyopumua chumba cha pili, wote watano.